Chitete alikufa akimwokoa Mtanzania

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anaposema Praiveti Chancy Chitete, askari wa Malawi, alikufa kwa ajili ya amani ya Kongo, amesema kweli, ila kweli yenyewe kaiacha nusu njiani. Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malawi na Tanzania walikuwa bega kwa bega wakipambana na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Koplo wetu, Ali Khamis Omary, akajeruhiwa vibaya. Chitete angebaki pale alipojikinga, nani angemlaumu? Akamwendea, akamburuta hadi penye usalama, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na hapo ndipo risasi ikampata yeye. Omary akapona. Wamalawi sita na Mtanzania mmoja hawakurudi hai. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kambini, najua ile simu ya usiku inavyonyamazisha nyumba nzima. Kuna familia huku kwetu iliyoepushwa nayo na kijana wa Malawi. Mei 2019 Umoja wa Mataifa uliikabidhi familia ya Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994. Sawa, wao wamefanya sehemu yao. Je, sisi tuliorudishiwa mtu wetu? Kila tarehe 25 Julai tunaweka mkuki na ngao kuwakumbuka mashujaa, na mimi bado sijasikia jina lake likitajwa. Kuna mtaa, shule, au hata kibao chenye jina la Chitete hapa Tanzania? Anayejua aniambie ni wapi.