Mwaka uliokosa mono

Januari hii nilimpeleka binti ya dada yangu kuripoti gredi ya kumi katika shule moja ya bweni, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa Nakuru mjini. Sanduku la bati tulilinunua kwa mafundi wa jua kali, tukalitia kufuli mbili, na fundi akamwandikia jina kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Njiani alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: "Anti, ni ukweli huko kuna mambo ya mono?" Mono ni yule mgeni wa kidato cha kwanza, ambaye wakubwa humchezea watakavyo.

Nikamwambia siku hizi mambo yamebadilika. Wazazi wote husema hivyo siku ya kuripoti, hata yule asiyekumbuka mara ya mwisho aliingia bwenini ni lini.

Mimi nilikuwa mono miaka ya mwanzo ya 2000. Usiku wangu wa kwanza, baada ya prepu, yaani masomo ya jioni, dada mmoja wa kidato cha pili alinikabidhi patipati lake, bado lina maji ya bafuni. "Piga simu kwenu, mwambie mama umefika salama." Nikaliweka sikioni. Haloo, mama. "Anasema nini?" Anasema nilale mapema. Wakacheka hadi vitanda vikalia. Kisha nikaambiwa salio limeisha, nilete kadi, na kadi ilikuwa noti yangu ya shilingi hamsini. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipewa njiti ya kiberiti apime nayo urefu wa bweni. Mwingine aliambiwa azime taa ya umeme kwa kuipuliza. Wiki ya pili mkebe wangu wa Blue Band ulikuwa umekombwa hadi chini, na maji ya kuoga ya watu watatu nilikuwa nayachota mimi kabla ya kengele ya alfajiri.

Hadithi hizi tukikutana ukubwani tunazisimulia kwa kicheko. "Zilitukomaza." Mimi kicheko hicho siku hizi kinanishinda, kwa sababu kuna sehemu ambayo huwa naruka. Mwaka uliofuata, patipati lilikuwa langu.

Nilimpa msichana aliyekuwa ameripoti siku hiyohiyo. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka sikioni, akaanza kuongea Kijaluo polepole kama mtu anayeongea na mtu kweli. Sisi tulicheka bila kuelewa hata neno. Mmoja wetu, aliyekuwa akielewa, aliacha kucheka, akachukua mswaki wake akatoka nje. Hakutuambia kamwe kilichosemwa, nami sikumuuliza. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa nadai changu tu, na aliyenikopesha alikuwa amehamia kidato cha tatu.

Ndiyo maana siamini mabango ya "Sema la kwa uonevu" yanayopakwa ukutani karibu na ofisi. Bango linamhubiria mkosaji mmoja mwenye roho mbaya, na bwenini mambo yanaenda kama chama cha mzunguko. Anayekusumbua zaidi kwa kawaida si wa kidato cha nne, huyo ana KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inamkaba koo. Ni wa kidato cha pili, ambaye kidonda chake bado kibichi.

Sasa tazama kalenda. KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na waliotoka hapo wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Hao ndio mono wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. Januari 2025 hakuna aliyekuja nyuma yao, kwa kuwa watoto wa mtaala mpya walikuwa ndio wanaingia gredi ya tisa, na sekondari ya juu huanzia gredi ya kumi. Mwaka mzima, katika shule za sekondari za nchi hii, hakuna mgeni hata mmoja wa darasa la chini aliyeburuta sanduku bwenini. Gredi ya kumi walipofika Januari 2026 walikuta kidato cha tatu na cha nne tu. Kidato cha pili hakipo.

Mzunguko ulikatika wenyewe, bila semina. Sijui kama nafasi ya namna hiyo itarudi tena katika maisha yangu. Na tuliitumiaje? Tulibishana kuhusu karo, maabara, sare, na nani kapangiwa shule gani. Yote ni ya maana, lakini sikumsikia mwalimu mkuu hata mmoja akiwaketisha wale wa kidato cha tatu kuwauliza: nyinyi mlifanyiwa nini 2024, na mna mpango gani na hawa? Kuna wanaongoja deni hilo kwa mwaka wa pili sasa, nalo deni likikaa huzaa riba.

Halafu kuna viranja. Mwaka 2017 nchi nzima ilisikia ya Alliance High School, shule ya wavulana yenye jina kubwa, pale viranja walipotajwa katika visa vya kuwapiga wadogo wao. Wengi tulishangaa kwamba ni Alliance. Mimi kilichonishangaza ni mshangao wenyewe. Ukimpa kijana wa miaka kumi na saba bweni zima alilinde usiku, mwalimu akaenda kulala, umetarajia nini?

Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Bergen, Norwe, alianza mpango wake shuleni mwaka 1983, na mojawapo ya mambo aliyosisitiza ni kwamba watu wazima wawepo pale watoto wanapokaa bila somo. Katika shule alizozifuatilia visa vilipungua kwa kama nusu ndani ya miaka miwili. Kwetu, pa kusimama panajulikana: foleni ya chakula, bomba la maji, na ile nusu saa kati ya mwisho wa prepu na kuzimwa kwa taa. Mwalimu wa zamu apite hapo, na asipite saa ileile kila siku. Gredi ya kumi walale bweni lao angalau muhula wa kwanza. Sheria ipo tayari: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kiakili, na adhabu yake ni faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Nambari 116 ya kusaidia watoto ipo pia, haina malipo, ila mtoto wa bweni aipige na nini? Na patipati?

Nawe mzazi, usimuulize "shule inaendeleaje?" Atakwambia poa. Fungua sanduku uhesabu.

Ndivyo nilivyofanya alipokuja nusu muhula, mwishoni mwa Februari. Sabuni ya kufulia, kati ya vipande sita, kilibaki nusu. Beseni lina jina la mtu mwingine. Patipati zilikuwa mbili, zote za mguu wa kushoto. Nikamuuliza. Akasema, "Wacha tu, anti. Tulibadilishana."

Nimemwandikia deputi, naibu wa mwalimu mkuu. Sikumtaja mtoto wala patipati. Nimeuliza jambo moja: prepu ikiisha, hadi taa zizimwe, ni mtu mzima gani huwa bwenini? Leo ni siku ya tisa, na bado sijajibiwa.