Noti Ziko Mtandaoni, Mhadhiri Yuko Wapi?

Mwanafunzi wa Likoni anayesoma chuoni Tudor, hapa Mombasa, huvuka feri, akapanda matatu, na akirudi kwao ni magharibi. Kwake yeye mfumo wa masomo ya mtandaoni si anasa. Mhadhara ukimpita, noti anazikuta. Kazi anaituma saa nne za usiku, na saa yenyewe inabaki imeandikwa. Waliosoma zamani wanakumbuka karatasi zikisukumwa chini ya mlango wa ofisi, kisha mabishano: nilileta, sikuiona. Dhuluma hiyo imepungua, nami sitaki irudi.

Mfumo unaotumika sana vyuoni ni Moodle, ulioasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Ni programu huria, kwa hiyo chuo hakidaiwi leseni, ingawa seva na mafundi bado wanataka pesa.

Wanaoulalamikia mfumo huu nao wana haki. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitia nanga hapa Mombasa mwaka 2009, lakini kasi kufika pwani ni jambo moja na bando kuwa ndani ya simu ni jambo jingine. Video ya saa nzima humaliza bando la siku. Programu ya Moodle ya simu huruhusu kupakua masomo ukiwa chuoni, uyasome nyumbani bila intaneti. Faida hiyo hupotea mhadhiri anapopakia faili zito lisilobebeka.

Zaidi ni majaribio ya dakika thelathini. Stima ikikatika Kisauni katikati ya swali la kumi, mwanafunzi afanye nini? Wapo wanaosingizia stima, hilo kweli. Ila mfumo wenyewe unamwezesha mhadhiri kumwongezea muda mtu mmoja bila kugusa wa wenzake. Kanuni ya nani aongezwe na kwa ushahidi gani iandikwe muhula unapoanza, mwanafunzi asilazimike kubembeleza.

Kuna hili la kumbukumbu za nani aliingia mfumoni lini. Baadhi wanataka zitumike kutoa alama za mahudhurio. Naona ni kosa. Wanafunzi watatu wasio na bando hutumiwa noti na mwenzao kwa WhatsApp, wakasoma hadi usiku wa manane. Mfumo utasema hawakusoma.

Linaloniuma hasa ni ukimya. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mfumo ulikuwa kimbilio, na wengi tukazoea kuamini kwamba kupakia ni kufundisha. Mwanafunzi anauliza swali kwenye ukurasa wa majadiliano Jumatatu, linafika Ijumaa halijajibiwa, wiki ijayo haulizi tena. Kosa hilo si la programu.

Kabla ya muhula mpya, kila mhadhiri achukue simu ya bei nafuu, anunue bando la shilingi hamsini, aketi nje ya chuo, afungue somo lake na kulifanya jaribio lake mwenyewe hadi mwisho.