Vaa jaketi, hata Nizwa ikichemka

Hizi video za pikipiki huko Nizwa, Omani, zimenichosha. Pikipiki la mamilioni limeegeshwa, nyuma yake makaburi ya kale ya Al Ayn na mlima wa Jebel Misht, na dereva kavaa fulana na kandambili. Chini kaandika: "Jangwani joto, vaeni vyepesi." Asante sana, daktari.

Tuelewane. Ngozi ya mtu ina nyuzi kama 35. Dar au Mombasa hewa ikiwa nyuzi 31, ukifungua jaketi upepo unakupooza, na bodaboda wetu hajakosea. Bara ya Omani mwezi wa Juni hewa hufika nyuzi 45. Upepo wa namna hiyo ukikupiga kwa kilomita 100 kwa saa unakupasha moto. Jasho linakauka kabla hujalihisi, unajiona mkavu na mzima kumbe mwili unaishiwa maji. Kichwa kinaanza kugonga, kisha unakosea gia, kisha unaingia kona umechelewa kushika breki.

Loweka fulana ya pamba mpaka ichuruzike, ivae, weka jaketi juu, funga zipu mpaka shingoni. Acha wazi matundu madogo tu ya mikononi na mgongoni. Maji yakikauka polepole ndiyo yanapooza mwili. Ukiachia upepo wote, fulana inakauka upesi na unabaki na tanuri. Ndiyo maana jaketi la wavu mnalolisifu halifai kitu hapo. Haya, chini ya nyuzi 35 ni zuri, nakubali. Kioo cha helmeti kishushe. Beba lita 4 za maji za kunywa kwenye mfuko wa mgongoni wenye mrija, unyonye kidogo kidogo huku unaendesha, na lita nyingine 2 za kulowekea. Chumvi nayo inatoka na jasho, kwa hiyo tia pakiti ya ORS kwenye maji ya mchana. Au nenda kati ya Novemba na Februari kama watu wenye akili, uniache mimi na hasira zangu.

Jambo la pili ni upepo wa tairi. Mtu akisikia jangwa anapunguza mpaka PSI 16 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi). Huko ni kokoto na mawe makali, mchanga laini uko Sharqiya, upande wa mashariki. Tairi lililolegea likigonga jiwe, tyubu inabanwa kwenye ringi, unapata pancha ya matundu mawili pembeni kwa pembeni na ringi imepinda. Njia nyingi ni lami. Ukiingia rafu rodi, PSI 28 inatosha. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Na cheni usiipake oili nyingi kabla ya vumbi, maana itageuka msasa.

Kuhusu ratiba: kutoka Nizwa anza na makaburi, saa 12 asubuhi, kwa sababu Al Ayn na Bat, kwenye makaburi mengine kama hayo, hakuna kivuli. Ngome ya Bahla na kasri la Jabrin yana paa, yaache ya mchana. Saa za kufunga uliza mapema, hasa Ijumaa. Unaelekea magharibi asubuhi na kurudi mashariki alasiri, jua liko mgongoni pande zote mbili. Najua, Al Ayn inapendeza zaidi kwa jua la jioni. Sawa, lakini utarudi gizani, na ngamia wanavuka barabara bila kukuangalia.

Pikipiki iache barabarani, upande kwa miguu. Yale makaburi yana zaidi ya miaka 4,000, mawe yamepangwa tu bila udongo wala saruji, na UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1988. Bado kuna mtu anapanda juu ya ukuta apate picha! Jiwe moja likichomoka, la juu yake linafuata.

Mafuta jaza Bahla. Ukipitiliza mpaka Bat, jaza tena Ibri kabla ya kugeuza.