Fizikia ya aljebra tupu: inatosha au inaficha?

Jiwe likiachwa lianguke, baada ya sekunde 2 huwa na kasi ya mita 19.6 kwa sekunde, hewa ikipuuzwa. Limeshuka umbali gani? Wengi wanaoanza fizikia ya chuo huzidisha 19.6 kwa 2, wakapata mita 39.2. Wamekosea. Jiwe lilianza na kasi sifuri, kwa hiyo wastani wa kasi yake ni 9.8, na umbali ni mita 19.6.

Hesabu hiyo haikuhitaji kalkulasi, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika mfululizo, na hapo wanaotetea kozi za fizikia zinazofundishwa kwa aljebra tupu wana nguvu. Galileo alichapisha kanuni ya miili inayoanguka mwaka 1638, akitumia jiometri, kabla Newton na Leibniz hawajaunda kalkulasi. Anayesomea udaktari anahitaji kuelewa kani, nishati na shinikizo. Kumfungia mlango kwa sababu hajasoma kalkulasi ni kumwonea.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja nzito. Kanuni ya umbali, s = ut + ½at² (u ni kasi ya mwanzo, t ni muda, a ni mchapuko), ni kweli pale tu mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, usipobadilika. Tone la mvua haliitii: kadiri linavyozidi kwenda kasi ndivyo hewa inavyolizuia, mpaka mchapuko unaisha na kasi inatulia. Mwenye kalkulasi huifuata safari yote. Mwenye aljebra huonyeshwa mwisho wake tu, ya katikati akaambiwa aamini. Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inapopoteza chaji yake ni vivyo hivyo. Kanuni zikija bila chimbuko, mwanafunzi hubaki na shada la funguo bila kujua upi ni wa mlango upi.

Kalkulasi nayo peke yake haiponyi. Wapo wanaokokotoa intigrali, yaani jumla ya vipande vidogo vidogo, bila kosa, na bado wanaamini kimakosa kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa.

Kwangu mimi, kozi ya aljebra hupimwa kwa grafu. Chora kasi ya jiwe dhidi ya muda: unapata pembetatu, na eneo lake, nusu ya 2 mara 19.6, ndilo umbali. Kwa tone la mvua mstari unapinda, lakini vijisanduku vya chini yake bado vinahesabika kwa penseli. Mwanafunzi aliyevihesabu ameshika wazo la intigrali kabla ya kuziona alama zake. Ninayoipinga ni kozi inayoruka grafu ili imalize silabasi.