Tiki mbili za buluu, na hospitali kimya

Mwezi uliopita shangazi yangu alipanda boda kutoka Sofia, hapa Busia upande wa Uganda, kwenda kuchukua dawa zake za presha. Shilingi 4,000 kwenda, 4,000 kurudi. Alipofika dirishani akaambiwa dawa zimekwisha tangu Jumatatu, akanunue nje. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alirudi akavua viatu, akaketi mkekani, akanisukumia simu yake: "Mwanangu, hawa watu si wamo humu? Kwa nini wasiseme?"

Wamo kweli. Nilifungua ukurasa wa hospitali hiyo, ambayo sitaitaja kwa sababu shangazi bado anaitegemea. Juu kabisa kulikuwa na picha ya wageni wakikata utepe. Chini yake mtu ameuliza, "Skani inafanya kazi?" Swali lilikuwa na wiki tatu. Jibu pekee limetoka kwa mgonjwa mwenzake: "Hata mimi nangoja."

Hospitali zetu nyingi zimeingia mitandaoni zikidhani zimepewa kipaza sauti. Zinatangaza Siku ya Malaria Duniani, zinatangaza ziara ya mkuu wa wilaya, zinatakia watu sikukuu njema. Mgonjwa anatafuta dirisha la kuulizia, na maswali yake ni madogo mno: dawa ipo? Daktari wa macho anakuja siku gani? Nikija na mtoto saa sita nitawakuta? Ukurasa usiojibu hayo ni redio, na redio Busia tunazo za kutosha, za kwetu na za ng'ambo ya mpaka.

Nitawaambia ninayemwona akifanya vizuri. Ni mkunga wa kliniki ndogo karibu na steji ya boda. Kila alfajiri anaweka stetasi ya WhatsApp, sentensi mbili tu: "Chanjo leo ipo mpaka saa saba. Kadi msisahau." Ikikosekana, anasema imekosekana. Kisha anarekodi sauti yake kwa Kiswahili, halafu kwa Kisamia, nusu dakika kila moja. Kiteso hakijui, kwa hiyo humwita mama anayefagia kliniki, wakarekodi pamoja, unasikia kuku nyuma. Akina mama wanaisambaza sauti hiyo mpaka vijijini, hata kwa waliokuwa hawamjui. Ukimwandikia kwamba kichanga kina homa, hajibu maelezo marefu. Anajibu neno moja: "Mlete." Anajua simu inaishia wapi na kitanda cha kliniki kinaanzia wapi, na wengi wa hawa madaktari wa TikTok hawajui.

Fikirini chanjo ya malaria, iliyozinduliwa nchini Aprili 2025. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 8, kisha mtoto anasubiri mpaka miezi 18. Kati ya ya tatu na ya nne kuna miezi kumi. Katika miezi kumi mama amehama, kadi imelowa mvua, mtoto anatembea na haonekani mgonjwa hata kidogo. Hapo ndipo ujumbe mmoja wa simu ungefanya kazi kuliko mabango yote ya ukutani. Kwa mama asiye na simu ya kisasa, ujumbe uende kwa wale wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, tulio nao tangu 2001, wao wapite nyumbani kwa miguu kama walivyozoea. Hawa wanajua mlango wa kila mtu.

Lugha nayo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini matangazo ya afya yanayonifikia mimi hapa mpakani ni ya Kiingereza, au Kiganda kidogo. Dereva wa lori anayelala Busia siku tatu akingoja karatasi, mfanyabiashara wa Kikongo aliyehamia Kampala, mwanajeshi mstaafu wa Bombo: wote hawa ungewapata kwa Kiswahili cha kawaida, tena cha kusikilizwa kuliko cha kusomwa.

Kisha kuna bei. Sisi ndio tuliotozwa shilingi 200 kwa siku kwa kuingia tu mitandaoni, kuanzia Julai 2018. Kodi hiyo ilipoondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Facebook ilifungwa Januari mwaka huohuo wakati wa uchaguzi, watu wakajifunza kuingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Kwa hiyo hospitali inayoweka video ya dakika nne kwenye Facebook iwe inajua inaongea na nani: watu wa ofisini wenye waifai. Shangazi hayumo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni siri za watu. Rafiki yangu mmoja alijikuta ameingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wagonjwa wanaotumia dawa za VVU. Aliyemwingiza hakuwa na nia mbaya, alitaka kuwakumbusha tarehe. Lakini kwenye grupu kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na Busia ni mji mdogo. Ndani ya grupu alimkuta jirani, na mwalimu wa mtoto wake. Alitoka usiku huohuo, na kwa miezi miwili hakukanyaga kliniki. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye fungu la pekee, lakini hata bila sheria, jamani, hilo lilihitaji kufikiri kidogo tu. WhatsApp ina orodha ya matangazo: unatuma mara moja, kila mtu anapokea peke yake, mradi awe amehifadhi namba yako. Na usitaje dawa. Simu ya nyumbani inashikwa na mume, na mtoto, na shemeji aliyekuja kutembea. "Usisahau Alhamisi yetu" inatosha, mwenyewe ataelewa.

Mwachie mgonjwa swali lisilo na jibu, atajibiwa na mwingine. Ebola ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, simu yangu ilijaa sauti za watu nisiowajua: ni uchawi, ni mpango wa kutafuta fedha, kunywa hiki, jifukize kile. Mlipuko ulitangazwa kwisha 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 kuthibitishwa na 55 kati yao kufariki. Wizara ilikuwa ikitoa takwimu, ndiyo, lakini takwimu haina sauti ya mtu unayemfahamu. Leo wauza mitishamba wanakaa mubashara TikTok saa tatu mfululizo, wanajibu kila swali, wanakutaja kwa jina. Mama mwenye kisukari anawaamini kwa sababu wanamwitikia. Simlaumu.

Najua wahudumu wanaogopa. Aprili 2023 watu walijaza Twitter picha na simulizi za hospitali zetu, yale waliyoyaita maonyesho ya afya, yakifuata yale ya mashimo ya barabara za Kampala yaliyoanzishwa na mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo. Muuguzi mmoja aliniambia tangu hapo akiona mgonjwa ameinua simu wodini moyo unamruka. Namwelewa. Ila wale watu walikuwa wanajaribu kuongea na hospitali, na walipiga kelele kwa kuwa hawakuona mlango mwingine.

Hata yule mkunga ninayemsifu, bando analinunua kwa mfuko wake. Anapigiwa saa tano usiku. Siku akipata kazi Tororo ataondoka na namba, na akina mama mia kadhaa watabaki na stetasi ya mtu aliyehama. Ningekuwa na sauti wilayani ningeomba simu moja ya kituo, laini ya kituo, inayokaa kituoni kama vile rejista inavyokaa, muuguzi wa zamu aishike kwa saa zinazojulikana, na kila asubuhi aandike dawa zipi zipo na zipi hazipo. Hilo la "hazipo" ndilo wakubwa hawatalipenda. Ndilo lingemwokolea shangazi shilingi 8,000.

Ule ukurasa wa hospitali una namba ya WhatsApp. Jana nikaandika kwa heshima: "Habari za asubuhi, naomba kuuliza kama dawa za presha zimefika." Tiki mbili ziligeuka buluu saa nne asubuhi. Jioni shangazi akauliza wamesemaje. Nikamwambia wamesoma.

"Wamesoma," akarudia, akaanza kuhesabu nauli ya boda.