Shemeji Ameandika Jina Lake Australia

Mimi si mtu wa kinyongo, na wanaonijua watathibitisha. Nimefukuzwa Brazil nikaondoka kimya kimya. Nimevamiwa Alaska kutokea Kamchatka na mtu aliyekuwa ameapa muda huo huo kwamba tuna mkataba, na sikununa. Lakini leo asubuhi nimeamka, napita zangu mezani, nakuta ubao wa Risk, ule mchezo wa mezani wa kuteka dunia kwa dadu, bado umeandikwa. Umeandikwa jamani, kwa maka peni! Pale Australia, kwa herufi kubwa zinazobanana mwishoni kwa sababu nafasi ilimwishia: BARA LA SHEMEJI.

Haifutiki. Nimejaribu kifutio, nimejaribu kitambaa chenye maji, nimejaribu spiriti. Kilichotoka ni kipande cha New Guinea. Jina lipo.

Mchezo wenyewe ni ule ule wetu, wa tangu 1957, wa yule Mfaransa mtengeneza filamu, Albert Lamorisse: nchi 42, mabara sita, na undugu unaovunjika kabla ya saa nne usiku. Tuliucheza kwa ustaarabu. Mtu anajibanza Australia, anaziba mlango wake Indonesia, kila zamu anapokea askari wake wawili wa nyongeza kama mzee anayechukua pensheni. Mwisho mnanuniana, mnafunga boksi, kesho dunia mpya. Sasa Shemeji kaja na Risk Legacy. Ni toleo la mwaka 2011, ila kwake kitu alichokiona juzi ndicho kimezaliwa juzi. Humo dunia haisahau. Ukishinda unatia sahihi ubaoni. Ukishinda unaweza kulipatia bara jina. Hata aliyeshindwa, mradi hajafutwa kabisa, anaachiwa kijiji chake cha kujifariji. Na hayo yanabaki, mchezo hadi mchezo, mara 15, mpaka ubao ukomae.

Haya, ya sahihi ningeyavumilia. Balaa lilianza kabla hata dadu haijarushwa.

Kila mtu alichagua jeshi lake, na kila jeshi lina stika mbili za nguvu. Moja unaibandika kwenye kadi ya jeshi. Ya pili inaharibiwa. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Inawekwa pembeni," nikasema.

"Inaharibiwa, Shemeji. Ichane."

"Tuiweke kwenye bahasha, huenda mwakani ikahitajika."

"Kitabu kinasema iharibiwe."

"Huenda kitabu kinasema kwa mfano."

Akasimama. Mtu mzima, ameshika kitabu cha kanuni kwa mikono miwili, akaisoma ile sentensi polepole kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa. Mimi nimekaa na kile kistika kiganjani. Kipya! Kina harufu ya duka! Mimi natunza risiti za vitu vilivyokwisha kuharibika. Natunza skrubu zinazobaki kila nikitengeneza kitu, ingawa najua maana yake. Leo nichane kitu kizima, chenye rangi, mbele ya mtoto?

"Baba, ni karatasi tu," akasema mama watoto.

Karatasi tu! Mwanamke huyu kabatini ana boksi la simu ambayo hata sisi hatukumbuki iliibiwa au ilikufa. Ana mfuko uliojaa mifuko. Leo ndiye mwalimu wangu wa kuachilia mambo ya dunia.

Nikaomba kura ipigwe. Watatu kwa mmoja. Nikaomba muda wa kutafakari, nikapewa dakika moja, na Shemeji akaiwasha kabisa kwenye simu. Nikajaribu kukisogeza taratibu kuelekea kwenye mkono wa shati, binti yangu akapiga kelele, "Baba anaficha!" Basi nikakaza moyo, nikashika kile kistika kwa ncha za vidole, nikachana.

"Hiyo ni kona," akasema Shemeji.

"Ni uharibifu."

"Ni kona, Shemeji. Hata haijafika kwenye picha."

Nilipokuwa naandaa hoja yangu ya pili, binti akakinyakua. Miaka 12 tunamwambia usichane, usichane, usichane. Akakichana vipande viwili, vinne, vinane, macho yanamng'aa kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Halafu akauliza kama kuna kingine. Na kipo! Mchezo mzima umejaa vitu vya kuharibu!

Mengine sitaki hata kuyasimulia. Brazil yangu imebandikwa kovu la upungufu wa risasi, maana yake kila anayeilinda dadu yake kubwa inapunguzwa moja, leo na kesho na siku zote, hata nikiwa sipo. Waliopiga hesabu wanasema dadu tatu zikivamia mbili, mvamizi anaua wote wawili mara 37 katika mia, na mlinzi anaua wawili mara 29. Mimi nikivamia niko kwenye 29. Nikilinda niko kwenye 37. Sijui nani alinisajili huko. Halafu chini kabisa ya trei binti amegundua kifurushi kimeandikwa kwamba kisifunguliwe kamwe. Kamwe! Sasa kimewekwa ndani cha nini? Nimelala saa tatu tu nikikiwaza.

Shemeji akapata nyota ya nne, akashinda, akatia sahihi kama waziri, akachukua maka peni. Nikasema aandike kwa penseli kwanza tuone itakavyokuwa. Akacheka. Wote wakacheka. Wala sikuwa natania. Ukweli ni kwamba nimechoka. Mchana kutwa nashinda na mambo yasiyorudi nyuma, hela ikitoka imetoka, neno ukimwambia bosi limekwenda, halafu usiku nikae kwenye kiti changu nicheze kitu nacho hakirudi nyuma? Mchezo si ndiyo sehemu pekee ambapo ukiharibu unaambiwa haya, panga upya?

Na maka peni yenyewe hakuifunika. Imekauka.

Kwa hasira nimekwenda kabatini kutoa boksi la zamani. Nimelifungua sakafuni nihesabu jeshi langu. Nyekundu zimebaki 19, njano zimebaki za kuonea huruma, na nafasi za waliopotea tulizijaza kwa vifungo: kidogo ni askari mmoja, cheusi kikubwa ni kumi. Nikawapanga, moyo ukaanza kutulia. Nikafika Ukraine. Nikakiokota kile kifungo cheusi, nikakigeuza. Matundu manne, ukingo umemeguka kidogo.

Ni cha koti langu. Lile koti ambalo nimekuwa nikilivaa kwa pini muda wote huu, nikimlaumu fundi.

"Mama watoto," nikaita, "sindano iko wapi?"

"Kifungo umekitoa wapi?"

"Ukraine."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia binti kutoka chumbani: "Baba, usikitoe hapo! Hiyo ni kumi!"