Sheria ya tumbaku Kenya tunayo tangu 2007, wa kuja dukani kuikagua ndio hatuna

Nauza katika duka moja hapa Brookline, Massachusetts, Marekani, kaunta ya sigara jioni ni yangu. Juzi kaingia jamaa ana ndevu zake kamili, mtoto kambeba, ataka pakiti, kumuomba kitambulisho kazaliwa 2001, basi simuuzii. Hapa tangu 2021 kama umezaliwa kuanzia 1 Januari 2000 huuziwi sigara wala vepu, yaani sigara za kielektroniki, si leo wala ukizeeka. Akanung'unika akatoka zake, Boston iko hapo ng'ambo ya barabara, huko ukifika 21 unauziwa.

Mwanzo nilicheka, nikasema hawa watu wana muda jamani. Wenye maduka wakaenda kortini, 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mji una haki ya kujiwekea sheria hiyo, na miji jirani ikaanza kufuata. Lakini kinachoniweka macho si sheria, ni kale kajana ka mtego. Watu wa afya wa mji wanatuma mtoto aje ajifanye mteja, ukimuuzia faini ya kwanza dola 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 5,000, na leseni ya tumbaku inasimamishwa. Sasa mimi kila mwenye sura laini namshuku.

Kwetu Pwani nimetumwa sigara nikiwa darasa la pili, mbili na kiberiti, chenji nanunua peremende, nasifiwa mtoto wa adabu. Sheria ya tumbaku Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia wa chini ya miaka 18, inakataza hata kuuza moja moja, pakiti isipungue sigara 10. Desemba nimerudi likizo nimekaa benchi la duka lile lile, sikuona pakiti nzima ikitoka, ni moja moja tu na kiberiti kimefungwa kamba, na vijana wa yunifomu wanapokezana vepu inanuka embe, ladha ambazo huku Massachusetts zimepigwa marufuku madukani tangu 2019.

Na msiniambie kaunti haina watu! Mama wa mahamri asipolipa ushuru, kanjo, askari wa kaunti, wanambebea meza hata chai haijachemka. Vibanda wanavijua vyote, kumtuma kijana mmoja akaulize sigara ndiyo kazi ngumu?

Nikamuuliza mzee mwenye duka, hawaji kukukagua hizi sigara? Akacheka, "Mwanangu, wa kwanza kuniuliza ni wewe, nawe uko likizo."